Jinsi ya kuomba idhini ya kituo cha hali ya hewa kinachojiendesha kwenye kiwanja cha ndege, Nairobi

Mwongozo huu ni wa wenye viwanja vidogo vya ndege, shule za urubani na mafundi wao, Nairobi na viunga vyake, wanaotaka kituo ambacho rubani anaweza kukitegemea rasmi. Mafundi hukiita AWOS, na mimi nitakiita kituo. Kama unataka tu kujua mvua imenyesha kiasi gani, nunua mashine yako, ifunge, na usimsumbue mtu.

Nianze na kosa letu. Ombi letu la kwanza lilirudishwa kwa sababu ya mstari mmoja: kimo cha barometa, yaani kipima kanieneo ya hewa. Tulikuwa tumekisoma kwenye simu. Simu nyingi hupima kimo kwa hesabu za setilaiti, ambazo si lazima zilingane na usawa wa bahari, na hapa kwetu tofauti ni ya meta kadhaa. Sasa piga hesabu. Katika mwinuko wa Nairobi, ukipanda meta 10 kanieneo ya hewa hushuka takriban hektopaskali 1 (hicho ndicho kipimo cha kanieneo). Kinachotarajiwa kimataifa kwa QNH, ile namba rubani anayoiweka kwenye altimita (saa ya kimo cha ndege), ni kosa lisilozidi nusu hektopaskali. Kwa hiyo ukikosea kimo cha barometa kwa meta 10, umekwisha kupita mpaka mara mbili kabla mashine haijawashwa. Kwenye altimita, hektopaskali 1 ni karibu futi 27, nayo haionekani kwa macho. Mwite mpima ardhi mwenye leseni, akupe kimo cha barometa yenyewe, si cha lango wala cha katikati ya njia ya kurukia. Hati yake iwe karatasi ya kwanza kwenye faili.

Kabla ya kununua chochote

Watu wengi hununua mashine kwanza, ndipo watafute pa kuisimamisha. Geuza utaratibu huo.

Kipima upepo husimama meta 10 juu ya ardhi, mahali peupe. Kanuni ya kawaida ni kwamba kizuizi chochote kiwe mbali angalau mara kumi ya urefu wake. Hanga, yaani banda la ndege, ya meta 6 inadai meta 60. Mikalitusi ya jirani yenye meta 20 inadai meta 200, na hapo ndipo viwanja vingi vinaposhindwa, maana jirani hatakata miti yake kwa ajili ya METAR yako, ile taarifa ya hali ya hewa ya kiwanja wanayopewa marubani. Kipimajoto kikae kwenye kivuli chake chenye kupitisha hewa, kati ya meta 1.25 na 2 juu ya nyasi fupi, mbali na lami na mabati. Nimeona kimoja kimefungwa ukutani nyuma ya jiko la kantini. Kilikuwa kinapima chapati.

Mlingoti ulio karibu na njia ya kurukia lazima uwe wa kuvunjika kwa urahisi ndege ikiugonga, na urefu wake uidhinishwe kwanza na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Omba hilo mapema, kwa barua ya peke yake yenye ramani na viwianishi vya mahali.

Milango ya kubisha

Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya iko Dagoretti Corner, Ngong Road. Matatu ya 111 hukushusha karibu na lango. Hao ndio watoaji wa huduma ya hali ya hewa kwa usafiri wa anga nchini, na pia wana kituo cha kikanda cha Shirika la Hali ya Hewa Duniani cha kulinganisha vipimo. KCAA, yenye makao uwanja wa ndege wa JKIA, ndiyo msimamizi: hukagua na kuidhinisha. Ukitaka kituo kitangaze kwa redio moja kwa moja kwa marubani, kuna suala la masafa ya redio, na hapo Mamlaka ya Mawasiliano iliyo Waiyaki Way huingia.

Anza na Dagoretti. Andika barua kwa mkurugenzi ueleze kiwanja, ndege zinazokitumia, na unachotaka kupima, kisha uombe maafisa waje waone mahali. Usiambatanishe brosha za muuzaji. Wakishatembelea, ndipo unapoandikia KCAA huku una maoni yao mkononi. Mlango huu ukiuruka, utarudishwa uupitie, na utakuwa umepoteza muda.

Malipo ya huduma za serikali siku hizi hupitia eCitizen, Paybill 222222. Subiri ankara kwanza. Anayekwambia umtumie kwenye simu yake "ili faili isonge", mshukuru uondoke.

Vyeti vya kalibresheni

Hapa ndipo penye uzito, na hapa ndipo wauzaji hukuletea karatasi nzuri zisizo na kitu ndani.

Cheti cha kalibresheni kinasema kifaa chako kililinganishwa na kipimo rejea, lini, na kilikosea kiasi gani. Soma namba ya kifaa kwenye cheti, kisha upande ngazi uisome kwenye kifaa chenyewe. Zikipishana, huna cheti. Halafu tazama kifaa kilijaribiwa katika viwango gani. Nilishawahi kuletewa barometa iliyojaribiwa kati ya hektopaskali 950 na 1050. Kwa Mombasa ingefaa. Nairobi hewa hukaa karibu 830 hadi 840, kwa hiyo cheti kile hakikusema lolote kuhusu kazi tuliyokuwa tunaiombea. Sharti viwango vya kwenu viwemo.

Viwango vinavyotarajiwa kimataifa ni hivi: mwelekeo wa upepo usikosee zaidi ya digrii 10, kasi yake noti 1 (maili moja ya baharini kwa saa) hadi kufikia noti 10, kisha asilimia 10, joto digrii 1, umbali wa kuona meta 50 hadi kufikia meta 600, na kimo cha mawingu meta 10 hadi kufikia meta 100.

Nakushauri uchukue barometa mbili. Marekani ni sharti: zikipishana kwa zaidi ya 0.04 ya inchi ya zebaki, kituo hakitoi QNH kabisa. Mkaguzi atakuuliza kituo chako hufanya nini kikiwa na shaka, na jibu sahihi ni kwamba hunyamaza. Mashine inayorudia namba ya mwisho iliyoikumbuka ni hatari kuliko isiyokuwepo.

Kulinganisha na macho ya mtu

Omba kipindi cha kuendesha kituo sambamba na mwangalizi aliyefunzwa, na ukiweza kijumuishe Julai. Asubuhi za Julai Nairobi wingu zito hulala chini, na ndipo utakapoona udhaifu wa mashine. Kipima mawingu cha leza hutazama juu wima tu. Wingu lililosimama upande wa Ngong hakilioni. Kipima umbali wa kuona hupima hewa kidogo iliyo mbele ya pua yake, kisha hukisia kiwanja kizima. Usiyafiche haya kwenye ombi. Yaandike, useme mtayashughulikia vipi.

Tahadhari ya saa: METAR huandikwa kwa UTC. Mwangalizi wetu aliandika "saa 1 asubuhi" kwenye daftari, na karani akaingiza 0100. Ilikuwa 0400. Wiki mbili za ulinganisho zikaharibika kwa sababu ya Kiswahili chetu wenyewe. Saa ya ukutani iwekwe UTC, na daftari liandikwe hivyo hivyo.

Siku ya ukaguzi na baada yake

Fyeka nyasi. Toa utando wa buibui kwenye vipima, na nyigu kwenye kipimamvua. Weka miiba ya kuzuia mwewe mlingotini, maana wanapapenda. Wakaguzi watataka rekodi kuliko maelezo: nani aligusa nini, tarehe gani, na namba zilisomaje kabla na baada. Watakuomba uzime stima, nawe uwe umejaribu mwenyewe ili ujue betri huchukua saa ngapi.

Idhini ikitoka, soma masharti na tarehe ya kalibresheni inayofuata, uitie kwenye kalenda ya watu wawili. Kituo kikikatika, fundi atoe taarifa saa hiyo hiyo ili NOTAM, yaani ilani rasmi kwa marubani, itolewe, hata kama sababu inaaibisha. Chetu kilinyamaza Jumapili moja kutwa kwa kuwa bando la laini ya simu lilikuwa limeisha. Tangu hapo laini ni mbili, za kampuni tofauti, na ankara zake huenda ofisi ya mhasibu, si kwa askari wa lango.