Kutia nanga na boti ya matanga bila presha

Wengi wakianza kusafiri na boti ya matanga wanakazana na tanga tu, kutweka, kubisha, kukaza kamba, halafu jioni wakifika sehemu ya kulala ndo wanachanganyikiwa. Mi ningesema anza na kujua kusimamisha boti. Nenda sehemu pana isiyo na watu, tua matanga, washa injini, elekeza omo (mbele ya boti) kwenye upepo, weka nyutro uangalie tu mwendo unavyokufa. Ikisimama utaona omo inaanza kuangukia upande, upepo unaisukuma na boti inazungukia pale kwenye mkuku (uti wa chini ya boti), na usukani hapo haukusaidii kitu maana hakuna maji yanayopita juu yake. Rivasi nayo ina vituko vyake, propela inavuta tezi (nyuma ya boti) upande mmoja kabla boti haijaanza kurudi, nyingi zinavuta kushoto lakini ya kwako ijaribu mwenyewe ujue.

Sasa nanga. Usitegemee uzito wake, nanga inashika ikivutwa ikiwa imelala, ukiivuta kwenda juu inang'oka, kwa hiyo habari yote iko kwenye urefu wa mnyororo. Kama ni mnyororo mtupu toa angalau mara 5 ya kina, kama ni kamba yenye kipande cha mnyororo mbele toa mara 7, upepo ukichachamaa ongeza. Na kina hesabu vizuri bana: maji mita 4, omo iko mita 1 juu ya maji, usiku maji yatajaa mita 3 zaidi, jumla 8, mara 5 ni mita 40. Ukichukua 4 mara 5 ukatoa 20, maji yakijaa unabaki na mara mbili na nusu tu. Maji yakipwa je, mkuku hautagusa chini? Hilo nalo litazame kabla.

Chini pakiwa mchanga au tope zito ni safi, kwenye majani nanga inateleza, kwenye mwamba inaweza kunasa isitoke, na matumbawe usiyaguse kabisa, utayavunja.

Kabla hujashusha zunguka kwanza uone wenzako wamegeukia wapi, na uwe na nafasi ya kuzunguka upepo ukigeuka usiku. Ingia taratibu omo ikitazama upepo, simama kabisa, shusha nanga mpaka iguse, kisha acha upepo uirudishe boti huku unalegeza mnyororo kidogo kidogo, usiumwage wote rundo moja juu ya nanga. Wa omoni na wa usukani wakubaliane ishara za mikono mapema, injini ikiwaka hamsikilizani (ugomvi mwingi wa mke na mume baharini unaanzia hapa), na miguu ikae mbali na mnyororo.

Ukishatoa wote funga, weka rivasi polepole mpaka unyooke, ndo uongeze moto. Gusa mnyororo kwa kiganja, ukiusikia unatetemeka na kugongagonga ujue nanga inakokota, ukikaza ukatulia imeshika. Tazama na vitu viwili vya nchi kavu upande wa ubavuni vilivyo mstari mmoja, mti na paa nyuma yake mathalani, vikizidi kuachana boti inatembea, ng'oa urudie, usilale ukijipa moyo itashika yenyewe.

Halafu funga kamba ya nailoni kutoka kwenye mnyororo mpaka boti ili winchi (mashine ya kuvuta mnyororo) isibebe mzigo, usiku washa taa nyeupe inayoonekana pande zote, mchana tundika tufe jeusi mbele, na alamu ya GPS kwenye simu pia iweke ikuamshe boti ikisogea.

Kuondoka sogea mbele na injini ukiufuata mnyororo, winchi ikusanye ule uliolegea tu, isivute boti. Nanga ikigoma, mnyororo ukishasimama wima ufunge, pita juu yake taratibu kwenda mbele, mara nyingi inaachia.