Tairi linazunguka bure: zijue pedali na leva za trekta kabla ya kuingia mbugani

Trekta likikwama kwenye udongo mweusi wa mbuga, mara nyingi aliyelizika ni dereva mwenyewe. Tairi limeanza kuteleza, naye anaongeza mafuta. Mwongozo huu ni wa anayejifunza kwa Massey Ferguson 375 inayovuta kwa magurudumu ya nyuma tu, au trekta jingine la mtindo huo. Kaa kwenye kiti injini ikiwa imezimwa, uguse kila kitu kwa mkono na mguu.

1. Klachi na gia. Kwenye trekta lenye klachi ya hatua mbili, ukikanyaga nusu magurudumu yanaacha kuvuta, lakini pitio (PTO, shafti ya nyuma inayoendesha mashine) inaendelea kuzungusha mashine ya nyuma. Ukikanyaga hadi chini, vyote vinasimama. Leva yenye picha ya kobe na sungura iweke kwa kobe kabla hujafika kwenye tope. Ukibadilisha gia ukiwa ndani yake, trekta linasimama palepale na kuling'oa ni shughuli.

2. Breki. Pedali ni mbili, moja kwa kila tairi la nyuma, na kuna komeo dogo la kuziunganisha. Shambani zitenganishe ili ukate kona kali. Barabarani zifunge pamoja kila mara, maana kukanyaga upande mmoja ukiwa kwenye mwendo kunaweza kupindua trekta.

3. Difu loki. Hapa tutulie. Difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa tairi mbili za nyuma, huacha tairi moja lizunguke haraka kuliko jingine, la sivyo trekta lisingekata kona. Ubaya wake ni kwamba tairi lililo kwenye utelezi ndilo linalozunguka, na lililopata ardhi nzuri linatulia tu. Unapolima, tairi la kulia linatembea ndani ya mtaro, trekta linainamia huko, na uzito unahamia huko. Kwa hiyo la kushoto, lililo juu, ndilo hutangulia kuteleza. Litazame hilo.

Difu loki huifunga difu ili tairi zote mbili zizunguke pamoja. Pedali yake iko chini karibu na kisigino cha kulia. Ukiona sehemu mbaya mbele, punguza mwendo, ikanyage kabla tairi halijateleza, na uendelee kuishikilia. Kama tayari linazunguka, kanyaga klachi lisimame kwanza, ndipo ufunge difu, kisha uachie klachi taratibu. Kufunga difu tairi likiwa kasi ni kuvunja meno ya ndani. Usikate kona ikiwa imefungwa: trekta litang'ang'ania kwenda moja kwa moja. Ukishapita, toa mguu. Isipoachia yenyewe, gusa klachi kidogo.

4. Haidroliki. Leva moja hushikilia plau kwenye kimo ulichochagua. Nyingine ni ya mvuto: udongo ukikaza, yenyewe huinua plau kidogo, na uzito wake unahamia kwenye tairi za nyuma. Madereva wengi hawaigusi kabisa, na ni hasara, kwa sababu inaongeza mshiko bila wewe kukanyaga chochote.

5. Pima utelezi. Chora mstari wa chaki kwenye tairi la nyuma. Plau likiwa juu, tembeza trekta mizunguko 10 ya tairi hilo na uweke alama ardhini mwanzo na mwisho. Rudia umbali uleule ukiwa unalima, mtu mwingine akihesabu. Mizunguko 11 mpaka 11 na nusu ni kawaida. Ikifika 12 au zaidi, unachoma dizeli na kula tairi. Punguza kina cha plau, au ongeza uzito: maji ndani ya tairi za nyuma, yasizidi asilimia 75 ya nafasi. Valvu ikiwa juu kabisa, maji yakifika usawa wake, acha.

6. Ukishakwama. Punguza mafuta mara moja, inua plau, ujaribu kurudi nyuma polepole kwenye njia uliyojia. Ikishindikana, chimba mbele na nyuma ya tairi, uliite trekta jingine, na mnyororo ufungwe chini kwenye sehemu ya kuvutia, kamwe usifungwe juu kuliko ekseli. Gogo lisifungwe kwenye tairi za nyuma hata mtu akuhakikishie vipi. Tairi zikizuiwa na gogo, injini huinua pua ya trekta, na linaweza kumwangukia dereva kinyumenyume kabla hajafikia klachi.