Mtoto njiti anapotoka hospitali: shughulikieni kiti cha gari mapema

Hospitali nyingi za Marekani hazimruhusu mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 kwenda nyumbani mpaka apimwe akiwa amefungwa kwenye kiti chake cha gari, yaani kile kiti kidogo cha mtoto kinachofungwa ndani ya gari. Wazazi wengi wetu huipata habari hii siku za mwisho, wakati kiti bado kiko dukani au kimeahidiwa na rafiki wa mji mwingine. Kama una mtoto wodini sasa hivi, anza kutafuta kiti leo, hata kama madaktari hawajataja tarehe ya kutoka.

Tumezoea kudhani kiti cha gari ni kwa ajili ya ajali tu. Kwa njiti kuna jambo la pili, nalo ni pumzi. Kichwa chake ni kizito kuliko nguvu ya shingo, na njia yake ya hewa ni nyembamba na laini. Akiketi wima mno, kichwa huangukia mbele, kidevu hugusa kifua na hewa hubanwa. Aliyetimiza miezi tisa tumboni huenda akalia au akajisogeza. Njiti anaweza kunyamaza kimya huku oksijeni ikishuka, na aliye mbele ya gari akadhani kalala usingizi mzuri.

Ndiyo maana Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, AAP, kinapendekeza kipimo hicho. Nesi humfunga mtoto kwenye kiti kile kile mtakachotumia, kisha mashine husoma mapigo ya moyo, upumuaji na oksijeni kwa dakika 90 hadi 120, au kwa muda wote wa safari yenu kama ni ndefu zaidi. Kwa hiyo mwambieni ukweli kuhusu umbali. Kama nyumbani ni mwendo wa saa tatu, nesi anapaswa kujua kabla hajaanza. Mtoto asipofaulu, hurudiwa baadaye, au hupewa kitanda maalumu cha gari ambamo husafiri amelala. Akifaulu, bado hiyo si ruhusa ya kumzungusha mjini kutwa nzima. Safari za miezi ya kwanza ziwe chache na fupi.

Sasa kiti chenyewe. Dukani watu huangalia uzito wa juu ambao kiti kinabeba. Wewe angalia uzito wa chini. Vingine vinaanzia pauni 5, yaani kama kilo 2.3, na njiti wengi hutoka hospitali wakiwa chini ya hapo. Tafuta kinachoanzia pauni 4, kama kilo 1.8. Angalia pia matundu ya mikanda ya mabegani: mtoto anayetazama nyuma anatakiwa mikanda itokee usawa wa mabega yake au chini kidogo, na kwenye viti vingi tundu la chini kabisa bado liko juu mno kwa njiti. Mkanda wa katikati ya miguu uwe karibu na mwili wake. Ukiwa mbali, atateleza na kujikunja, na kidevu kitarudi kifuani.

Kiti cha kurithiana nakielewa vizuri, maana ndivyo tunavyosaidiana ugenini. Lakini kikague: kina tarehe ya mwisho iliyopigwa chapa kwenye plastiki, na kama kiliwahi kuwa kwenye ajali au hujui historia yake, usikitumie. Kama pesa ni tatizo, zungumza na ofisa wa ustawi wa jamii hapo hospitalini. Sehemu nyingi kuna mipango ya kutoa viti bure au kwa bei nafuu. Kuna pia mafundi waliofunzwa kukagua jinsi kiti kilivyofungwa garini, mara nyingi bila malipo. Waulizie mapema. Mkihitaji mkalimani wa Kiswahili hospitalini, ombeni. Ni haki yenu na halipiwi.

Kumfunga kwenyewe: mgongo na makalio viguse kiti, mikanda ikazwe, kibanio cha kifuani kikae usawa wa kwapa. Bana mkanda begani kwa vidole viwili; ukipata mkunjo wa kushika, umelegea. Akiyumba, kunja khanga mbili nyepesi uziweke kushoto na kulia kwake baada ya kumfunga. Usiweke kitu chini yake wala nyuma ya mgongo, na usinunue ile mito ya kumkingia mtoto kitini inayouzwa peke yake. Kiti kitazame nyuma, na kifungwe kwenye siti ya nyuma ya gari. Usikiweke kamwe mbele penye mfuko wa hewa (airbag).

Kwenye baridi ya Januari ya Minnesota au Toronto, kila shangazi atataka mtoto avalishwe koti nene. Koti hilo hujaa hewa, mkanda ukaonekana umekaza kumbe haukumshika. Mvalishe nguo nyepesi zenye tabaka, mfunge, kisha mfunike blanketi juu ya mikanda, uso ukiwa wazi. Na bibi akisema nyinyi nyote mlitoka hospitali mkiwa mapajani, mweleze kwa heshima kwamba gari likigonga hakuna mikono inayoweza kumshika mtoto. Mpe kazi anayoiweza kuliko wote: akae nyuma pembeni ya mtoto, amtazame rangi ya midomo na kidevu njia nzima.

Walio Kanada wasiletewe kiti na ndugu wa Marekani. Kiti kinatakiwa kiwe na alama ya usalama ya Kanada yenye jani kama lile la bendera yao. Uingereza, ushauri kwa watoto njiti ni kuepuka kuzidisha dakika 30 kwenye kiti kwa wakati mmoja, kwa hiyo safari ndefu ipangiwe vituo vya kumtoa na kumlaza.

Mkifika, mtoeni kwenye kiti hata kama amelala na wageni wamejaa sebuleni. Alale chali kwenye kitanda chake. Na njiani akibadilika rangi, akikoroma kwa shida au akilegea, simamisha gari mahali salama, mtoe kitini, piga 911, au 999 Uingereza, na useme mara moja kwamba ni mtoto njiti.