Noti za kwanza za Tanzania: namna ya kuzitambua na kuzitunza

Shemeji yangu alifungua sanduku la marehemu baba yake akakuta noti zenye sura ya Mwalimu, zimefungwa kwenye leso. Tulizishughulikia jioni nzima, hivi:

1. Nawa mikono, ikauke kabisa.

2. Zichambue. Zenye picha ya jahazi ni za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, za 1964. Benki Kuu yetu ilifunguliwa 14 Juni 1966, ikaanza na noti za shilingi 5, 10, 20 na 100. Usihangaike kutafuta mwaka, haukuchapwa. Ya shilingi 5 haina utata, kwani toleo la pili, la 1978, halikuwa nayo. Ya 10 ndiyo huchanganya watu, maana matoleo yote mawili ni ya kijani. Igeuze: ukiona mkonge umeanikwa, ni toleo la kwanza, ukiona mnara wa Mwenge, ni la 1978.

3. Usioshe, usipige pasi, usibandike selotepu.

4. Zihifadhi. Hapa ndipo nilipopoteza noti yangu nzuri ya shilingi 20. Niliiweka kwenye albamu ya plastiki laini, na baada ya miaka michache plastiki ikatoa utomvu, ikaing'ang'ania noti. Nilishinda siku nzima nikiibandua kwa ncha ya kisu, na wino ukabaki kwenye plastiki. Kwa hiyo inuse kwanza: ikinuka kama kapeti jipya la plastiki, iache dukani. Tafuta mifuko ya poliesta, migumu kidogo, inayong'aa na isiyo na harufu. Ukiikosa, bora karatasi nyeupe safi ya kukunjia, uibadilishe kila mwaka. Laminesheni siikubali hata kidogo, kwa sababu moto wa mashine huigandisha noti moja kwa moja, huitoi tena. Ukikaa pwani kama sisi, tia kwenye kopo unalohifadhia noti vile vifuko vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na usiweke kopo kwenye ukuta wa bafu. Kila baada ya masika, fungua ukague.

5. Piga picha pande zote mbili kwenye mwanga wa dirisha.

6. Andika noti ilikuwa ya nani, kwenye karatasi ya pembeni, kamwe si juu ya noti. Kwa ile ya mkonge, mama mkwe wa shemeji alitutajia tuandike kuhusu marehemu: "Mshahara wa Korogwe, alikuwa mkata mkonge."