Somo: Wiki yako ya kwanza kaunta ya steshenari, kuprinti na kutuma vifurushi

Wakuu, salaam. Mdogo wangu kapata kibarua kwenye steshenari maeneo ya Mwenge, Dar es Salaam. Usiku kabla ya kuanza akanipigia: "Kaka, si ni kubonyeza tu?" Nimesimama kaunta ya namna hiyo miaka sita, upande mmoja tukiprinti, kutoa kopi na kubaindi, upande wa pili tukipokea vifurushi vya mikoani na nje ya nchi. Nilimwandikia haya, nikaona niyalete na hapa.

Hatua ya 1: Amsha mashine kabla hujafungua mlango

Printa ya leza hubandika unga wa tona kwenye karatasi kwa joto la kiasi cha nyuzi 200, kwa hiyo iwashe mapema ipate moto. Toa kurasa mbili za kujaribia, ya rangi na ya nyeusi. Toa na kopi moja kwa kupitisha karatasi kule juu ambako mashine huimeza yenyewe. Ukiona mstari mweusi umesimama kwenye kopi hiyo, lakini ukilaza karatasi hiyohiyo kwenye kioo kikubwa haupo, usikimbilie kumwita fundi. Pembeni mwa kioo kikubwa kuna kioo kingine chembamba kama rula, na tone la gundi au wino wa peni likikauka pale linageuka mstari kwenye kila kopi. Kitambaa laini na spiriti kidogo, dakika moja umemaliza. Sisi fundi alishatulipisha kwa kazi hiyo mara tatu kabla sijamchungulia anachofanya.

Karatasi za Dar zinakunywa unyevu. Rimu ina karatasi 500, fungua moja kwa wakati na zinazobaki ziache ndani ya kifungashio. Kabla ya kuzipakia, zipepee kama unachanganya karata. Nusu ya karatasi zinazokwama asubuhi ni unyevu tu, mashine haina kosa.

Hatua ya 2: Mteja akisema "nitolee kopi", bado hajasema kitu

Ngapi? Upande mmoja au pande mbili? Kitambulisho, mbele na nyuma kwenye ukurasa mmoja? Anapeleka wapi? Hilo la mwisho watu huona ni umbea, lakini ndilo linalookoa. Anayeomba mkopo wa elimu ya juu atapeleka fomu serikali ya mtaa na kwa wakili zigongwe mihuri, kisha atarudi kwako uziskani azipandishe mtandaoni. Ukijua hilo mapema unamtolea fomu safi, na akirudi unaskani kwa dipiai (kipimo cha ukali wa picha) 150 au 200, maana mifumo mingi hukataa faili zito. Anayetaka picha za paspoti saizi mwambie aulize kwanza wanakopeleka wanataka rangi gani nyuma.

Faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine hubadilika: herufi zinahama, jedwali linavuka ukurasa, utafiti wa kurasa 60 unakuwa 63. Mwombe PDF. Kama hana, lifungue mbele yake, mpitie wote, ndipo uprinti. Flashi nazo usiziamini. Ukifungua ukakuta njia za mkato tupu, mara nyingi ni kirusi kimeficha mafaili, hayajafutika. Mtulize mwenzio, maana wengine machozi huwa yameshaanza.

Hatua ya 3: Nakala moja kwanza, sahihi ya mteja, ndipo mzigo mzima

Hili nililipia. Mama mmoja alileta kadi za mchango wa harusi ya binti yake, 200, karatasi ngumu, rangi. Nilichapa mwenyewe kutoka kwenye daftari lake, nikaona nzuri, nikazitoa zote. Namba ya simu ya mweka hazina nilikosea tarakimu moja. Wachangiaji wakituma pesa linatokea jina la mtu wasiyemjua, wanampigia mama wa harusi, mama anakuja dukani. Wa kwanza alikuwa shemeji yake, na huyo alikuwa ameshatuma kabla hajasoma jina. Bosi alinikata gharama ya karatasi na wino kwenye malipo ya mwezi ule, na sikuwa na la kujitetea.

Tangu hapo natoa moja, namkabidhi mteja na peni. Namwambia asome majina, tarehe na namba kwa sauti, halafu aweke sahihi. Ratiba za mazishi ndizo za kuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu zinakuja saa mbili usiku, familia imechoka, na jina la marehemu likikosewa hakuna msamaha utakaotosha.

Hatua ya 4: Vya kukataa

Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi ya dukani, usiilamineshe. Karatasi yake huandikwa kwa joto, ukiipitisha kwenye mashine inatoka nyeusi tii. Itolee kopi, kwa sababu hata ikiachwa tu maandishi hufifia. Cheti halisi cha kuzaliwa au cha shule nacho mshauri asikilamineshe, alamineshe kopi. Kuna ofisi hutaka kugusa karatasi yenyewe.

Kubadilisha alama au jina kwenye cheti, hapana, hata akikuongeza pesa, hata akiwa jirani. Kitabu kizima kinachouzwa madukani pia hapana, sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999. Utaambiwa duka la jirani wanafanya. Mwonyeshe njia ya kwa jirani.

Hatua ya 5: Kifurushi

Mizigo ya mikoani mingi inakwenda kwa basi. Zamani tuliipeleka Ubungo, siku hizi ni stendi ya Magufuli kule Mbezi, iliyozinduliwa 2021. Kabla ya selotepu, fungua uone. Usione haya, mwambie ni utaratibu. Pesa taslimu, betri za simu zilizo peke yake, manukato na chochote kinachowaka hatukupokea. Vya kuvunjika visigusane na ukuta wa boksi, tia magazeti yaliyofinyangwa pande zote hadi ukilitikisa usisikie kitu.

Andika kwa maka, juu ya boksi lenyewe na kwenye kikaratasi ndani: jina la mpokeaji, simu yake, mji na simu ya mtumaji. Kikaratasi cha ndani ni kwa siku boksi litakapolowa. Ukikabidhi kwenye basi chukua risiti, namba ya gari na simu ya ofisi ya wanakoshushia, piga picha vyote, mtumie mteja papo hapo. Simu za "mzigo wangu uko wapi" zitapungua sana.

Hatua ya 6: Kufunga

Hesabu ya fedha mnaijua. Mimi nasisitiza kufuta. Kompyuta ya steshenari kufikia jioni ina vyeti, mikataba, majibu ya hospitali na vitambulisho vya mtaa mzima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, lakini hata bila sheria, faili la mtu lisilale kwako. Futa kwenye folda, kwenye pipa la taka la kompyuta na kwenye WhatsApp ya duka.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, umeme ukikatika katikati ya kazi nifanye nini? Na naweza kuchomeka printa ya leza kwenye yupiesi (betri ya akiba) ya kompyuta?

Jibu: Usiichomeke. Leza ikipasha moto inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, yupiesi ndogo itazima au itaungua. Weka kompyuta peke yake humo. Karatasi iliyobaki ndani, subiri ipoe, fungua kifuniko, ivute taratibu kwa mikono miwili kufuata uelekeo iliokuwa inakwenda. Ikichanika, tafuta kila kipande.

Swali: Dada yangu alituma boksi la mito kwa ndege kwenda kwa mwanawe Uingereza. Uzito kilo 4, wakamchaji kilo 16. Si wizi huo?

Jibu: Hapana ndugu, ila walipaswa kumweleza kabla. Makampuni ya usafirishaji wa ndege hupima na nafasi. Unazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, unagawa kwa 5,000. Boksi la 50 kwa 40 kwa 40 ni 80,000, ukigawa unapata 16. Wanatoza uzito ulio mkubwa. Mito ingefyonzwa hewa kwenye mfuko wake kwanza, boksi lingekuwa dogo.

Swali: Picha ninazotumiwa WhatsApp zikitoka zina ukungu. Printa yangu mbovu?

Jibu: Picha ndiyo imekamuliwa njiani. Mwambie aitume kama dokumenti, itafika kama ilivyo.

Swali: Mteja ananionyesha meseji ya malipo, simu ya duka haijaingia kitu. Foleni inanung'unika.

Jibu: Iache inung'unike. Angalia salio la duka, meseji iliyo kwenye simu ya mteja si pesa. Wengi ni waungwana na mtandao ndio umechelewa, kwa hiyo sema kwa upole, lakini mzigo ubaki upande wako wa kaunta.

Swali: Bila kuficha kaka, kazi inachosha?

Jibu: Miguu. Tafuta viatu vya soli laini wiki hiyohiyo. Na siku za mwisho za maombi ya mikopo na kukusanya tafiti utakula chakula cha mchana saa kumi na moja. Kinachochosha zaidi ni kwamba kila anayefika kwako amechelewa mahali fulani, na wewe ndiye mtu wa mwisho wa kumlaumu. Kwa upande mwingine, nimesoma tafiti za bure kuliko wahadhiri wengi.

Swali: Wateja wakisahau vitu?

Jibu: Kila mteja akiondoka nyanyua kifuniko cha mashine ya kopi, karatasi halisi hubaki pale kwenye kioo. Sisi tulikuwa na bahasha kwenye droo. Siku naacha kazi ilikuwa na leseni mbili za udereva na kadi ya kliniki ya mtoto. Kulikuwa na cheti cha ndoa pia, mwenyewe alikuja kukichukua baada ya miezi minane. Hakusema alikuwa anakitakia nini, nasi hatukuuliza.