Kabla hujampeleka mgonjwa wa moyo ushago

Desemba ikinukia, watu wa Nairobi hukumbuka nauli na nguo za watoto. Dawa za mzee hukumbukwa basi likishapita Kinungi. Mimi huuza dawa kwenye kemisti huku Umoja, kwa hivyo huwaona wakiondoka, na Januari huwaona wakirudi. Wengine hurudi wakiwa wamevimba miguu hadi magotini. Basi soma haya kabla hujakata tiketi.

Beba kitabu cha kliniki chenyewe, si picha kwenye simu pekee. Hakikisha michango ya bima ya afya ya SHA haijasimama. Nunua dawa za siku zote za safari na za wiki moja zaidi, kwa sababu kemisti ya sokoni kule inaweza kuwa na Panadol na dawa za minyoo tu. Zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisipakiwe kwenye buti. Mpime uzito asubuhi ya kuondoka, baada ya haja ndogo na kabla ya chai, uandike. Akiongeza zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hayo si mafuta ya nyama choma, ni maji. Piga simu kliniki siku hiyohiyo.

Lasix, ile dawa ya kukojoza maji ya ziada, wengi huiruka siku ya safari ili wasimsumbue dereva. Ninawaelewa, choo cha stendi ni mtihani. Ila elewa kinachotokea ndani. Moyo uliochoka husukuma damu kidogo, figo nazo hudhani mwili umepungukiwa na damu. Hutoa kemikali iitwayo renini, renini huanzisha utengenezaji wa homoni ya angiotensini II, nayo huamsha homoni nyingine, aldosteroni, na amri inayotoka ni moja: shika chumvi, shika maji. Moyo uliokuwa unashindwa na mzigo unaongezewa mzigo. Halafu hiyo angiotensini II haiishii kwenye figo. Huziambia chembe (seli) za moyo zinenepe, na tishu za kovu zijijenge katikati yake, mpaka moyo unakuwa mgumu. Enalaprili au losatani aliyopewa mgonjwa wako huizuia angiotensini II, ndiyo maana si dawa ya presha tu, hata kama presha yake haijawahi kupanda. Lasix huyatoa maji yaliyokwisha kukusanyika. Uliza kliniki kama saa ya kuimeza inaweza kusogezwa siku hiyo, na uchague basi linalosimama Nakuru.

Sasa hili la dawa kuisha, naomba utulie.

Kuna mzee hapa mtaani, dereva mstaafu wa malori, mwenye moyo uliotanuka. Kliniki ilimwanzishia bisoprololi, dawa ya kuutuliza moyo, kwa dozi ndogo, ikawa inapandishwa polepole kwa miezi, mpaka akawa anapanda ngazi hadi orofa ya nne bila kupumzika. Akaenda Bungoma kumzika ndugu yake. Mazishi yakazaa kesi ya shamba, siku chache zikawa wiki na wiki. Dawa zikaisha. Mtu mmoja mwenye mashine ya presha akampima, akamwambia presha iko sawa na mapigo yametulia, dawa za nini tena? Mzee akafurahi, pesa ya dawa ikaenda kwa wakili.

Siku za mwanzo hakuona kitu. Kisha moyo ukaanza kukimbia akiwa amekaa tu kivulini. Usiku akawa hawezi kulala chali, lazima aketi akiegemea ukuta, akikohoa. Ukoo ukaanza kunong'ona kwamba amerogwa kwa ajili ya lile shamba, na mchana mzima ukapotea wakitafuta wa kumlaumu. Binti yake ndiye aliyekataa maneno hayo, akaita Probox, wakamkimbiza hospitali kifua kimejaa maji. Alipona. Lakini bisoprololi ilibidi ianze upya kutoka dozi ya chini kabisa, na orofa ya nne sasa anaifikia kwa vituo.

Binti aliniuliza swali la maana: presha ilikuwa sawa, mapigo yalikuwa sawa, sasa nini kiliharibika? Jibu liko kwenye chembe za moyo.

Juu ya kila chembe kuna vipokezi vinavyoitwa beta-1. Adrenalini au noradrenalini, homoni za hekaheka, ikishika kipokezi, protini G iliyo upande wa ndani huamka, ujumbe unaoitwa saikliki AMP hutengenezwa, nao huamsha kimeng'enya kinachofungulia kalsiamu njia ya kuingia. Kalsiamu ndiyo inayoubana msuli. Kwa kukimbilia matatu, utaratibu huu ni mzuri mno. Ubaya ni kwamba moyo dhaifu huufanya mwili umwage adrenalini usiku na mchana. Kalsiamu huvuja kutoka ghala lake ndani ya chembe, mitokondria, yaani mitambo ya nishati ya chembe, huelemewa, chembe moja moja hufa. Zinazobaki hujikinga kwa kuvipunguza vipokezi vyao. Ni kama mtu anayeishi ukuta mmoja na klabu hapa Umoja: mwishowe hufunga madirisha yote. Bisoprololi hukaa kwenye vipokezi na kuizima ile kelele. Kukiwa kimya, chembe hufungua madirisha tena, yaani huvirudisha vipokezi vilivyokuwa vimepunguzwa. Ukiikata dawa ghafla, muziki unarudi na kila dirisha liko wazi. Mapigo mazuri aliyoyaona yule mtu mwenye mashine yalikuwa kazi ya dawa, haukuwa ushahidi kwamba dawa haihitajiki.

Hata madaktari hili liliwachukua muda. Kwa miaka mingi dawa za kundi hili zilikatazwa kwa wenye moyo dhaifu, kwa hofu kwamba zingeuzima kabisa. Utafiti wa CIBIS-II, uliochapishwa mwaka 1999, uliwafuata wagonjwa 2,647, na vifo miongoni mwa waliopewa bisoprololi vilikuwa pungufu kwa asilimia 34 kuliko miongoni mwa wasiopewa. Kwa hivyo dawa zikibaki za siku tano, huo ndio wakati wa kutuma mtu mjini, usingoje kopo liwe tupu. Akisahau dozi moja, asimeze mbili pamoja. Na kama imeshakatika kwa siku kadhaa, asijirudishie dozi yake ya zamani mwenyewe. Apige simu kwanza.

Dawa za maumivu ni mtego mwingine. Mzee akishika jembe kidogo mgongo unauma, na hapo hakosi shemeji mwenye diklofenaki au Brufen mfukoni. Kataa. Dawa hizo huzuia prostaglandini, kemikali za mwili ambazo kwa mgonjwa wa moyo ndizo zinazoweka wazi mishipa inayoingiza damu kwenye figo. Changanya na enalaprili na Lasix, figo zinaweza kugoma ndani ya siku chache. Panadol kwa kipimo chake inatosha.

Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiambiwe aache sukuma wiki, ila asile sahani tatu kwa siku wakati Nairobi alikuwa akila moja kwa wiki. Sukuma ina vitamini K nyingi, na hiyo huipunguza nguvu wafarini, damu ikaanza kuganda. INR, kipimo cha jinsi damu inavyoganda, ipimwe kabla ya kuondoka. Chumvi ya "wagonjwa wa presha" isomwe lebo: nyingi ni kloridi ya potasiamu, na kwa anayemeza spironolaktoni, dawa ya moyo inayobakiza potasiamu mwilini, potasiamu ikizidi moyo unaweza kusimama. Kijana mwenye moyo wa rumatiki, yaani vali zilizoharibiwa na homa ya rumatiki, achomwe sindano yake ya penisilini kabla ya safari kama tarehe inaangukia huko. Supu ya mbuzi, chumvi kidogo.

Jua mapema hospitali ya karibu yenye mashine ya ECG, inayochora umeme wa moyo, na kipimo cha damu cha troponini, protini inayoonyesha moyo umeumia, na jina la mwenye gari atakayekubali kuamshwa saa nane usiku. Kifua kikibana, kipimo cha kwanza kinaweza kuja safi kwa sababu troponini huchukua saa kadhaa kuvuja kutoka kwenye chembe zilizoumia, hivyo msikubali kurudi nyumbani kabla hakijarudiwa. Asilale chali kwa lazima. Asibebe ndoo. Kesi za shamba zisizungumziwe mbele yake, ikiwezekana. Chaji simu, beba na powerbank, na ile namba ya kliniki iandikwe pia kwenye karatasi.