Unaposafiri kupitia uwanja mdogo wa ndege

Uwanja mdogo hauchoshi miguu. Unashuka, unapita mlango mmoja, mkanda wa mizigo huu hapa, barabara ile pale. Kinachosumbua ni ratiba. Penye ndege tatu nne kwa siku, ukiikosa moja huambiwi usubiri kidogo, unaambiwa kesho.

Kwa hiyo kazi kubwa inafanyika siku ya kukata tiketi. Safari yote iwe kwenye tiketi moja, hata kama kununua vipande viwili kunaonekana rahisi mfukoni. Ukiwa na tiketi mbili na ndege ya kwanza ikachelewa, shirika la pili halikujui: umeikosa ndege, kata nyingine. Tiketi ikiwa moja, ni juu yao kukutafutia nafasi. Na kipande cha mwisho kisiwe ndege ya mwisho ya siku. Ikifutwa hiyo, utalala kitini.

Anayeingia Marekani aongeze muda zaidi. Uhamiaji na forodha humalizwa kwenye uwanja wa kwanza unaotua, si katika mji unaokwenda. Kwa kawaida utachukua masanduku hapo, uyapitishe forodha, kisha uyakabidhi tena, ingawa lebo tayari ina herufi tatu za uwanja wako wa mwisho. Wengi wakiziona herufi hizo hudhani mzigo utajiendea wenyewe, wanaondoka, na sanduku linabaki. Baada ya hapo kuna foleni nyingine ya ukaguzi, kwa hiyo chupa yoyote inayozidi mililita 100 ihamishie kwenye sanduku kabla hujaliachia. Nchi za Schengen (kundi la nchi za Ulaya zisizokaguana pasipoti mipakani kwa kawaida) nazo hukagua pasipoti kwenye uwanja wa kwanza, ila mizigo ya tiketi moja kwa kawaida huendelea hadi mwisho. Kwa Marekani, mimi nisingekubali kuunganisha ndege kwa chini ya saa tatu, mfumo wa tiketi uniambie utakavyo.

Ndege zinazokwenda miji midogo nazo ni ndogo. Begi la magurudumu lililoingia vizuri kwenye ndege kubwa huenda lisitoshe humu. Mhudumu atalifunga lebo mlangoni na litashushwa chini. Kabla hujaliachia, toa pawabenki (betri za akiba haziruhusiwi kwenye shehena), dawa, pasipoti, fedha na kompyuta. Viweke vyote kwenye kifuko kimoja tangu nyumbani, ili usije ukapekua nguo mbele ya watu wenye haraka. Kisha uliza: nitalipokea mlangoni mwa ndege au kwenye mkanda? Likiwa la mlangoni, subiri hapo hapo ukishuka.

Kama anayesafiri ni mzazi anayekuja kukutembelea, kumbuka ngazi. Viwanja vingi vya namna hii havina daraja la kuingilia ndegeni; watu hushuka hadi chini na kutembea uwanjani, mvua au jua. Omba kiti cha magurudumu mapema, angalau saa 48 kabla, na mpe karatasi yenye namba yako ya simu kwa maandishi makubwa, maana simu yake huenda isishike mtandao.

Siku ya kuondoka, usifike mapema kupita kiasi. Kaunta hufunguliwa kwa ajili ya ndege husika, na mara nyingi yule anayepima sanduku lako ndiye atakayekagua pasi yako ya kupandia ndege getini. Ndiyo maana ikifungwa imefungwa. Hakuna wa kubembeleza, ameshakwenda getini. Soma saa ya kufunga kwenye tiketi na uiheshimu.

Sanduku lisipotokea, usitoke jengoni bila kuandikisha na kupewa namba ya ripoti. Kama dawati la mizigo halina mtu, rudi kwenye kaunta ya shirika. Uliza ndege inayofuata inaingia lini, na uombe mzigo uletwe hadi unapokaa. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, unaohusu safari za ndege za kimataifa, malalamiko ya sanduku lililoharibika yaandikwe ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea. Lililochelewa, siku 21.

Ukifika usiku, panga usafiri kabla ya kupanda ndege. Dawati la magari ya kukodi linaweza kuwa limefungwa, na teksi zikaondoka na abiria wa kwanza waliotoka.